Dawa ya magugu imefika uvunguni mwa kitanda. Nani atapalilia shamba la mama?

Mbinga. Chupa ilikuwa ya soda, ile ya plastiki ya nusu lita, na ndani yake kulikuwa na maji ya manjano yaliyopauka. Iliwekwa uvunguni mwa kitanda cha mama mkubwa, nyuma ya ndoo ya maharage. Mjukuu wake wa miaka minne aliiona kabla yetu.

Tulimkuta kifuniko kiko sakafuni na kidevu kimelowa. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeonja kitu kichungu. Kama alimeza au alitema, hadi leo hakuna anayejua.

Jirani alikuja mbio na kikombe cha maziwa. Mimi, ninayeandika habari za afya kila wiki, nilibaki nimeshika chupa nikiigeuzageuza kutafuta maelezo, kana kwamba chupa ya soda ingeniambia kitu. Hospitalini swali la kwanza la muuguzi lilikuwa fupi: ni dawa gani? Tukatazamana.

Ilikuwa dawa ya magugu, hilo mama mkubwa alilijua. Jina lake hakulijua, kwa sababu aliinunua ya kupimiwa, kama tunavyonunua mafuta ya kula. Mtoto akalazwa kwa uangalizi, siku ya kwanza, siku ya pili, na sisi tukishtuka kila anapokohoa. Alitoka mzima. Naandika makala hii kwa sababu ya siku zile mbili, na kwa sababu ya jibu alilonipa mama mkubwa baadaye.

JEMBE LIPO, MIKONO HAIPO

Nilimuuliza jioni, mtoto akiwa ameshalala: "Mama mkubwa, kwani kupalilia kwa jembe kumeshindikana?"

"Jembe lipo, mwanangu," akanijibu. "Mikono ndiyo haipo."

Anayeijua milima ya Umatengo atamwelewa. Mashamba mengi yako kwenye miteremko ambako trekta halipandi na plau la ng'ombe halifai. Kila kitu ni mkono. Mwanawe wa kwanza anaendesha bodaboda Mbinga mjini. Wa pili yuko kwenye makaa ya mawe kule Ngaka. Waliobaki nyumbani ni yeye na wajukuu, na wajukuu wanatakiwa shuleni.

Hesabu yake haina makosa. Lita moja ya dawa ya magugu inalingana na malipo ya kibarua kwa siku mbili au tatu, na kibarua hamalizi ekari ya mlimani kwa siku tatu. Mahindi nayo hayasubiri. Yakizidiwa na magugu wiki za mwanzo, hata ukiyapalilia vizuri baadaye hayarudishi kile yalichopoteza.

Ndiyo maana huwa nasita ninaposikia kwenye semina kwamba wakulima wapunguze viuagugu, kisha msemaji anakunywa maji na kwenda kwenye mada inayofuata. Kupunguza dawa maana yake kuna mtu atashika jembe. Huku mlimani mtu huyo mara nyingi ni mama, na nyuma yake yupo mtoto wa darasa la tano ambaye siku hiyo hakwenda shule. Dawa ya magugu iliingia nyumbani kwetu kupitia mgongo wa mama uliochoka. Sera isiyoanza na mgongo huo sioni itafika wapi.

MAJINA MAWILI YA KUYAJUA

Madukani kuna majina mengi ya biashara, lakini mzazi akiyajua majina mawili ya sumu yenyewe amepiga hatua: glaifosati na parakwati. Kwenye lebo yameandikwa kwa Kiingereza, la kwanza linaanza na GLY, la pili linaanza na PARA.

Glaifosati huingia kwenye majani na kushuka hadi mizizini. Ilianza kuuzwa mwaka 1974 na kampuni ya Monsanto ya Marekani kwa jina la Roundup. Hakimiliki yake nchini humo iliisha mwaka 2000, viwanda vingi vikaanza kuitengeneza, hasa China, na bei ikashuka hadi ikamfikia mkulima mdogo.

Je, inaleta saratani? Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka uliofuata, jopo la pamoja la WHO na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) linalopima mabaki ya dawa kwenye chakula likasema haielekei kumletea mlaji saratani. Wengi waliona kama watu wa nyumba moja wanapingana. Lakini maswali yalikuwa tofauti. La kwanza liliuliza kama kitu hiki kinaweza kudhuru, la pili liliuliza kama kinadhuru kwa kiasi kinachobaki kwenye ugali na mkate. Umoja wa Ulaya, baada ya mabishano marefu, uliiongezea glaifosati kibali cha miaka 10 mwaka 2023.

Kwangu mimi, mabaki kwenye ugali hayanisumbui kama ninavyosumbuliwa na kijana aliyebeba bomba linalovuja, shati limelowa mgongoni, bila glavu wala gambuti, kisha jioni anampakata mtoto kabla ya kuoga.

Parakwati ni habari nyingine. Huunguza majani kwa saa chache, ndiyo sababu inapendwa. Ikiingia tumboni, fundo moja dogo linaweza kuua, na haina dawa ya kuizuia. Mdomo na koo hupata vidonda, figo hushindwa, kisha mapafu hukakamaa taratibu. Siku ya kwanza mgonjwa anaweza kuonekana hana tatizo kubwa. Hiki ndicho tulichokuwa tunakisubiri zile siku mbili wodini bila kukitaja kwa sauti.

Parakwati iliondolewa kwenye soko la Umoja wa Ulaya mwaka 2007. Kwa miaka mingi baada ya hapo iliendelea kutengenezwa Huddersfield, Uingereza, kwa ajili ya kuuzwa nje, kwa wakulima ambao wengi wao hawakuwa na hizo glavu. Sijawahi kusikia maelezo yanayonitosheleza kuhusu hilo.

NYASI ZA NGORO

Mbinga ina jambo ambalo wataalamu wa kilimo wametoka mbali kuja kulitazama. Ni ngoro, kilimo cha mashimo cha Wamatengo, ambacho watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao wa Japani walikichunguza kwa miaka mingi.

Mvua zinapokaribia kuisha, nyasi na magugu hufyekwa na kuachwa yanyauke. Kisha hupangwa chini kwa mistari inayokatana, shamba zima linakuwa kama daftari la hesabu. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya zile nyasi. Kinachobaki ni mashimo yaliyozungukwa na matuta, na nyasi zikiwa zimefukiwa ndani ya matuta. Juu yake hupandwa maharage, kwa kawaida mwezi Machi, na mvua za msimu unaofuata hupandwa mahindi. Wakati wa palizi, magugu yanayong'olewa hutupwa shimoni. Maji ya mvua yanayoporomoka hukamatwa na mashimo hayo, udongo haukimbii.

Katika ngoro, gugu ni mbolea ya mwakani. Ukilikausha kwa dawa msimu baada ya msimu na kuacha mteremko mtupu, umepoteza mbolea na kizuizi cha mmomonyoko kwa pamoja.

Kuna na suala la maji. Kwa desturi ya Wamatengo, ardhi ya ukoo huitwa ntambo, kilima kimoja kilichozungukwa na vijito. Nyumba, kahawa, mahindi, vyote viko juu ya kijito ambako familia inachota maji. Glaifosati hushikana sana na udongo, hivyo udongo ukisombwa nayo huenda nao. Atrazini, ambayo hutumika zaidi kwenye mahindi, yenyewe hupenya chini kirahisi, na Umoja wa Ulaya uliikataa mwaka 2004 kwa sababu ya kuonekana kwenye maji ya ardhini. Sehemu ya maji ya milima hii hatimaye huingia Ziwa Nyasa, lenye aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Mama wa Liuli au Mbamba Bay anayeanika dagaa hana bomba la kupulizia, lakini anaishi chini ya wenye mabomba.

Hata hivyo tusiipambe ngoro kupita kiasi. Inakula nguvu. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake huchimba na kufukia. Wanaume wakihama, zamu zote zinabaki kwa mtu mmoja.

SHERIA IPO, DUKA LIKO MBALI NAYO

Tanzania haikukosa sheria. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyochukua kazi za iliyokuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu (TPRI). Kila kiuatilifu lazima kisajiliwe kabla ya kuuzwa. Makao makuu ya mamlaka hiyo yako Arusha, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Mbinga.

Tatizo ni kwamba sajili inahusu chupa iliyofungwa. Ikishafunguliwa na kumiminwa kwenye chupa ya soda, usajili, lebo, onyo na tarehe ya mwisho vinabaki dukani. Mnunuzi mdogo hana pesa ya lita nzima, muuzaji naye anataka kuuza. Mkaguzi atasimama kwenye kila gulio?

Halafu kazi yenyewe imegawanyika. Dawa iko chini ya Wizara ya Kilimo. Afisa ugani ameajiriwa na halmashauri. Mazingira ni ya NEMC, kemikali kwa ujumla ni za Mkemia Mkuu wa Serikali, na mtoto aliyekunywa ni wa Wizara ya Afya. Watafiti wa Tanzania waliopitia kumbukumbu za hospitali kuhusu sumu za viuatilifu, kazi iliyochapishwa mwaka 2014 ikiongozwa na Elikana Lekei, walikuta taarifa nyingi muhimu hazimo. Mtoto wetu angekuwa mmoja wao: sumu, haijulikani.

Bila jina la sumu kwenye daftari la hospitali, mamlaka ya usajili haiwezi kujua ni ipi inayowadhuru watu zaidi. Bila kujua hilo, haina hoja ya kuiondoa sokoni. Kwa hiyo swali la yule muuguzi, ambalo sisi tulishindwa kulijibu, ni swali la sera pia.

Hata takwimu za matumizi tulizonazo zimezeeka. Utafiti wa mwaka 2007 wa Aiwerasia Ngowi na wenzake kwa wakulima wa mboga kaskazini mwa nchi ulionyesha viuagugu ni asilimia 10 tu ya dawa walizotumia, wadudu na ukungu vikichukua sehemu kubwa. Huko ni mbali na Mbinga, na ni zamani. Anayeingia duka la pembejeo leo atashangaa kwamba palizi ya jembe ilikuwa bado inashinda kiasi hicho.

Nje ya mipaka mambo hayako mepesi. Mkataba wa Rotterdam, unaozitaka nchi zipewe taarifa kabla ya kupokea kemikali hatari, huongeza kemikali kwenye orodha yake kwa nchi wanachama kukubaliana wote. Burkina Faso, baada ya wakulima wake kuumia, iliomba parakwati yenye nguvu kubwa iingizwe. Imekwama mara kadhaa, kwa sababu nchi chache zikisema hapana inatosha.

SRI LANKA MARA MBILI

Je, si tupige marufuku tu? Nchi moja imetupa majibu mawili.

Kati ya mwaka 2008 na 2011 Sri Lanka iliondoa sokoni parakwati pamoja na dawa mbili kali za wadudu, kwa hatua, huku dawa nyingine zikibaki. Vifo vya watu kunywa sumu za kilimo vilishuka. Korea Kusini nayo iliiondoa parakwati miaka hiyohiyo, na watafiti waliofuatilia waliona vifo vimepungua na mavuno hayakushuka.

Kisha mwaka 2021 Sri Lanka hiyohiyo ilizuia kwa mkupuo kuingiza mbolea zote za viwandani na viuatilifu. Mpunga na chai vikaanguka, wakulima wakaandamana, na kabla mwaka haujaisha Serikali ikarudi nyuma.

Somo ninalolichukua mimi ni dogo: anza na sumu inayoua kwa fundo moja, iondoe hiyo, na usimnyang'anye mkulima kila kitu msimu mmoja. Glaifosati ina mjadala mrefu na unaweza kuendelea. Kwa parakwati sioni mjadala mrefu ulio wazi kiasi hicho.

Upande wa mikono nao unahitaji fedha. Tangu msimu wa 2022/23 Serikali inatoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliosajiliwa. Mbolea inalisha mahindi, na inalisha magugu pia. Kwa nini ruzuku isiguse zana za palizi? Kwenye mpunga wa kilimo shadidi ipo mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono inayopalilia katikati ya mistari, mtu amesimama wima. Kwa kiduha kinachonyonya mahindi, kituo cha ICIPE cha Kenya na washirika wake wana mbinu ya sukuma-vuta, ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya mifugo pembeni. Desmodiamu hufunika ardhi na kukikandamiza kiduha. Inamfaa zaidi mwenye ng'ombe au mbuzi, kwa hiyo si ya kila nyumba. Kwenye kahawa, kutandaza majani makavu ya migomba na kufyeka badala ya kupulizia kunapunguza sana idadi ya palizi.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayouzwa kwa chupa, na nadhani ndiyo maana hazina matangazo redioni.

NYUMBANI KWAKO

Mzazi, kama nyumba yako ina shamba au una ndugu mwenye shamba, kagua leo. Usikubali dawa ya kupimiwa. Ibaki kwenye chombo chake chenye lebo, kwenye sanduku au kibanda chenye kufuli, mbali na chakula, mbegu na chumba cha kulala. Utepe wa kijani kwenye lebo una maana ya sumu ya kiwango cha chini, hauna maana ya salama kwa mtoto.

Kopo tupu lisichotewe maji wala kuwekwa pombe. Lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuza yarudi kwenye bomba yapuliziwe shambani, kisha litobolewe. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasichanganye dawa wala kubeba bomba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi hatarishi, hata kama shamba ni la baba yake.

Mtoto akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu, na kumtapisha kunaweza kuunguza koo mara ya pili au kuingiza dawa kwenye mapafu. Mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, kisha kimbilia kituo cha afya na chombo cha dawa mkononi. Ikiingia machoni, mmiminie maji safi kwa dakika 15 au zaidi. Usisubiri dalili, hata akicheza.

Mama mkubwa sasa ana sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga. Machi iliyopita yeye na majirani watatu walirudisha ngokela, ile desturi ya kusaidiana zamu kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, wakachimba ngoro za maharage bila kununua dawa. Waliimba, akaniambia, ingawa mgongo ulimuuma wiki nzima.

Kwa shamba la mahindi bado hajaamua. Zikifika palizi za Januari na vijana hawajarudi, anasema atanunua. Chupa nzima safari hii, yenye lebo, na atampigia simu afisa ugani amsomee maandishi ya Kiingereza.